Kidevu cha Mpiga Dawa

Kuna wanaume wanaofuga kuku na wengine wanaofuga mbwa. Huyu wetu alifuga ndevu. Alianza kuzifuga mara tu baada ya harusi yake, na wenzake kazini walipochoka kuzitania wakamwita Kichaka, jina likamkaa kuliko lile alilopewa na mama yake. Zilikuwa ndevu nzito, nyeusi, zenye afya kumshinda mwenyewe. Akila supu, nusu ilikwenda tumboni na nusu ilibaki njiani.

Usidhani alizipenda, lakini. Watu walidhani hivyo naye akawaacha wadhani, maana kuonekana mtu wa majivuno kuna nafuu kuliko kukaa unaeleza habari za ngozi yako. Ngozi ya Kichaka ilikuwa na kisirani. Ilivumilia jua, vumbi na sabuni ya kufulia, ila wembe haikutaka hata kuusikia. Akinyoa leo, kesho taya na shingo zimejaa vipele, keshokutwa vipele vina vichwa, na ndani ya kila kichwa mna unywele uliojikunja na kurudi ulikotoka, kama mtu aliyesahau funguo. Picha ya harusi ipo ukutani mpaka leo. Bibi harusi anacheka, bwana harusi amepandisha kola hadi masikioni, na pale kola ilipoishia panaonekana kitu kama gunzi la mahindi. Siku alipoiona picha ile aliapa kwamba yeye na wembe basi, na kiapo akakitunza mpaka alipokuja Mama Usalama.

Hapo inabidi nieleze kazi ya mtu huyu, la sivyo utaona watu wanamwonea bure. Kichaka alikuwa mpiga dawa katika maghala ya nafaka. Si ile kazi ya kubeba pampu mgongoni na kukimbizana na mende jikoni. Hii ilikuwa ya gesi. Magunia ya mahindi yakishapangwa mpaka karibu na paa, yeye na kikosi chake huyafunika kwa turubai na kuweka vidonge chini yake. Vidonge vile vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi inayoua fukusi, dumuzi, panya, na mtu yeyote anayejifanya mjanja. Pindo za turubai hukandamizwa sakafuni kwa mifuko mirefu ya mchanga ili gesi isipate pa kutokea.

Kichaka ndiye aliyekuwa mkuu wa kikosi, na sifa yake ilikuwa moja: akiziba, pamezibwa. Alipita kila pindo akikandamiza kwa kiganja, akarudi akakandamiza, akarudi tena kana kwamba hakuwahi kupita. Wenzake walikwisha kuchoka naye, ila hakuna aliyewahi kuumwa hata kichwa chini ya uongozi wake. Na yeye ndiye aliyetoka wa mwisho na kuufunga mlango wa ghala. Kile kitendo cha kuuvuta mlango mkubwa wa chuma, watu wote wakiwa salama nje, kilimjaza furaha ambayo hakuwahi kumwambia mtu.

Kikosini alikuwamo pia shemeji yake, mdogo wa mkewe, mtu mwembamba, mwepesi wa ulimi, ambaye mashavu yake hayakuwahi kuotesha kitu cha maana. Ghalani watu huingia wawili wawili, kila mmoja akimchunga mwenzake, na Kichaka na shemeji walikuwa jozi.

Basi ofisi ikaleta msimamizi mpya wa usalama. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani, mpole wa sauti, na siku hiyohiyo ya kwanza akabatizwa Mama Usalama. Aliwakusanya uani na kumtazama Kichaka kwa muda, hasa chini ya pua.

"Kaka, mimi sina ugomvi na ndevu za mtu," alisema. "Lakini barakoa ya gesi inakaa juu ya ngozi, haikai juu ya nywele. Nywele zikipita katikati, hewa inapita. Na hewa ikipita, gesi haiombi ruhusa."

"Dada, mimi hizi barakoa nimezivaa miaka," Kichaka alijibu. "Na bado niko hapa."

"Uko hapa kwa sababu unaziba vizuri turubai. Barakoa hujaitegemea hata siku moja. Siku ukiitegemea je?"

Mama Usalama akatoa kwenye gari lake kifuko kikubwa cha nailoni angavu, akakitundika juu ya fremu kama chandarua cha kitanda cha mtoto, kisha akatoa kichupa cha mafuta. Mafuta yenyewe yananukia ndizi mbivu, kazi yake ni hiyo tu. Unavaa barakoa, unaingiza kichwa ndani ya nailoni, yeye anaingiza pamba iliyochovywa mafuta, na unaanza kugeuza shingo, kuinama, kuinua uso, na zaidi ya yote kuongea, maana kidevu cha mtu anayeongea hakitulii. Ukiisikia ndizi, barakoa yako inavuja. Usipoisikia, umepita. Hakuna chombo kingine cha kupimia. Pua yako ndiyo shahidi, na ni mdomo wako unaotoa ushahidi.

"Tuanze na wewe, wengine waone," alimwambia Kichaka.

Kichaka akaingiza kichwa. Hakumaliza hata kusema hamjambo. "Lo! Dada! Umeleta mkungu mzima!"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama Usalama naye alitabasamu, lakini neno lake halikutabasamu. Siku ya kupiga dawa ghala kubwa ilikuwa wiki inayofuata, na siku hiyo angewapima wote. Kichaka akija na kidevu kitupu na kupita, angeongoza kama kawaida. Asipopita, angekaa getini kufungulia malori, na kikosi kingeongozwa na shemeji yake.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kesho yake kila aliyekuwa na kandevu kidogo kidevuni alikuja kazini hana.

Kichaka alirudi nyumbani na maneno yale. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na sebule yao ilikuwa nusu sebule nusu kiwanda: cherehani dirishani, vitambaa juu ya kochi, na pini mahali popote ambapo mtu angetaka kukaa. Alimsikiliza mumewe mpaka mwisho bila kusimamisha mguu kwenye pedali.

"Nyoa, basi," alisema.

"Na ngozi?"

"Ngozi itapona. Wewe ukiwekwa getini hutapona, na utakayemsumbua ni mimi."

Alisema kweli, na Kichaka alijua. Aliogopa. Hakuogopa malori, aliogopa kukaa nje ya mlango ule akiangalia watu wengine wakiufunga, bila kujua kama pindo zimekandamizwa au zimepapaswa tu.

Jioni ileile shemeji akaingia na kiboksi mkononi, amejaa bashasha kama mtu aliyeleta posa. Ndani mlikuwa na wembe wa kisasa. Si zile mashine za plastiki za kutupa. Huu ulikuwa na kishikio cha chuma, kizito, kilichochorwa mistari isiteleze mkononi, na kichwa chembamba kinachofunguka kupokea wembe mmoja tu, wenye makali upande mmoja.

"Zile za plastiki zina nyembe tatu, nne, zimefuatana kama mabehewa," shemeji alieleza, kama aliyesomea. "Wa kwanza unauvuta unywele, wa pili unaukata, wa tatu unaufuata mpaka ndani. Ukiota, unaotea ndani ya ngozi. Ndiyo vipele vyenyewe. Huu unakata palepale juu, basi. Kinyozi wangu ndiye aliyeniambia."

"Kinyozi wako? Wewe anakunyoa nini?"

"Shemeji, acha dharau. Kuna maandalizi."

Kichaka aliupima wembe ule mkononi. "Nikishindwa, kazi ni yako. Mbona unanisaidia?"

"Nije kukuongoza wewe? Dada yangu huyu hapa atanipikia tena?" Shemeji aliangua kicheko, na dada yake kutoka kwenye cherehani akasema asingempikia hata maji.

Ndani ya kiboksi mlikuwa pia na karatasi yenye michoro: jinsi ya kuushika, jinsi ya kuulaza, usikandamize. Kichaka aliikunja na kuitia mfukoni. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge, alijisemea, akaingia bafuni.

Kosa la kwanza alilifanya kabla hata ya wembe: alipunguza ndevu kwa mkasi wa mkewe wa kukatia vitambaa. Ukitaka kujua kama fundi cherehani anakupenda, gusa mkasi wake. Lakini hilo lilijulikana baadaye. Kwanza alijipaka povu la sabuni ya kuogea, akajitazama kwenye kile kioo kidogo kilichoning'inia msumarini, na akaanza kazi kwa namna pekee aliyojua kufanya kazi yoyote. Alikandamiza. Alipita akishuka, akarudi akipanda. Akapapasa kwa kidole, akasikia mkwaruzo, akarudi tena. Pale chini ya taya ya kushoto alipita mara nyingi kuliko alivyowahi kupita pindo za turubai, mpaka pakawa laini kama chupa. Kisha akajimiminia spiriti, kama vinyozi wa zamani, na akapiga ukelele uliowafanya majirani wazime redio.

Alipotoka, binti yake mdogo, ambaye hakuwahi kukiona kidevu cha baba yake, alikimbilia nyuma ya mama. "Mama, kuna mtu!"

Mkewe alimzunguka mara moja, kama anayemjaribisha mteja koti. "Kumbe kidevu chenyewe ndio hiki tu?" alisema. "Nilikuwa nimekisahau. Miaka yote najua nimeolewa na mwanamume mwenye taya."

Usiku alilala kijana. Asubuhi aliamka anaungua. Shingo imewaka, taya zimevimba vipele vyekundu, na mahali pa kushoto palipokuwa kama chupa sasa palikuwa kama barabara ya changarawe. Hakuweza hata kufunga kifungo cha juu cha shati. Kazini wenzake walipunga mikono kwa mbali, kwa adabu ya kinafiki. Aliapa tena kiapo kilekile cha picha ya harusi, tena kwa sauti. Lakini wembe ni ule ule: siku ya ghala kubwa haikusogezwa, na Mama Usalama alipomwona alimpa pole ya dhati na hakubadilisha neno.

Jioni alimkuta mkewe amepanga kitambaa cha mahameli mezani, cha mteja mmoja mwenye makuu. Alikuwa bado hajamsamehe suala la mkasi, lakini alimwita.

"Njoo. Pitisha mkono hapa."

Kichaka akapitisha.

"Sasa rudisha."

Akarudisha. Huku kitambaa kilikubali mkono, huku kilikataa.

"Unaona? Kila kitambaa chenye manyoya kina upande kinakolalia. Ukikikata kinyume, gauni zima linaharibika na mteja anakutolea macho. Wewe jana nilikusikia kule bafuni. Ulikuwa hunyoi, ulikuwa unaziba turubai."

"Sasa nikipita mara moja si zitabaki?"

"Zibaki! Unanyoa ndevu, huchimbi viazi."

Kichaka akacheka, ingawa kucheka kuliuma. Mkewe alimkalisha kwenye kiti karibu na dirisha, akamwambia vishina vikichomoza kidogo atamwonyesha. Siku zilizofuata ngozi ilipewa likizo. Hakuna spiriti, hakuna kukuna, ni kitambaa cha maji ya vuguvugu asubuhi na jioni, na karatasi ya michoro ikatolewa mfukoni na kusomwa kwa heshima inayostahili.

Vishina vilipochomoza, mkewe akachukua chaki yake ya kuchorea vitambaa. Alipapasa shavu kwa ncha ya kidole, akitafuta upande usiokwaruza, na kila alipoupata alichora mshale. Mashavuni mishale ilishuka. Shingoni ilipanda, jambo lililomshangaza Kichaka, maana maisha yake yote alijua kila kitu cha mwili huelekea chini. Na pale chini ya taya ya kushoto, mahali pa matatizo yote, nywele hazikupanda wala kushuka. Zililala kuelekea sikioni, zikizunguka kidogo kama maji yanayoingia kwenye tundu la karo. Miaka yote alikuwa akizikata kinyume, aende juu au chini.

"Na mkono?" mkewe aliendelea. "Mkasi mzuri huusukumi. Unauelekeza tu, wenyewe unakwenda. Na huo wembe una uzito wake, uachie."

Hapo mlango ukagongwa. Kichaka akaenda kufungua, amesahau uso wake ulivyo. Shemeji alisimama kizingitini, akaitazama mishale ile ya kupanda na kushuka na ule wa kona, akaangalia nyuma barabarani, kisha akamgeukia tena.

"Shemeji," aliuliza, "nikitaka kwenda sokoni nipite shavu lipi?"

Kichaka alijaribu upande mmoja kwanza, shavu la kushoto na taya yake, maana kwa mtu aliyekwisha kuungua hiyo ndiyo busara. Alijikanda kwa kitambaa cha moto mpaka ngozi ikalegea. Akapaka povu, safari hii la kunyolea. Akaulaza wembe, akaufuata mshale, akauachia uzito wake. Ulitoa sauti ndogo, kavu, kama mtu aliye mbali kidogo anayetafuna kipande cha mkate uliochomwa. Akapita mara moja. Mkono ulimwasha kurudi. Jamani, ulimwasha! Alisimama pale na wembe hewani kama mtu anayezuia chafya, kisha akauweka chini, akanawa kwa maji baridi, akatoka nje ya bafu kabla shetani hajamrudisha. Asubuhi, mkewe alipapasa shavu lile kwa ncha ya kidole. Kipele kimoja tu, tena kichanga. Kichaka alikumbatiwa jikoni mchana kweupe, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika nyumba ile.

Asubuhi ya ghala kubwa alinyoa uso mzima kwa mwendo uleule, akavaa shati na kufunga kifungo cha juu, akaenda kazini anapiga mluzi.

Mama Usalama alikuwa ametundika nailoni yake kivulini. Wa kwanza kupimwa alikuwa shemeji. Aliingiza kichwa, akainama, akainuka, akaongea mfululizo kuhusu mechi fulani na refa fulani mpaka watu wakamwomba apumzike.

"Unasikia kitu?"

"Sisikii kitu, Dada."

Akapita. Wakafuata wengine, nao wakapita, kisha ikawa zamu ya Kichaka. Mpira wa barakoa ulimgusa kidevu kikiwa kitupu kwa mara ya kwanza, wa baridi, na akajisikia kama amevaa kitu kipya. Akaingiza kichwa ndani ya nailoni.

"Ongea chochote, Kaka."

Akaanza kuwasimulia habari za mkasi na spiriti na mishale. Watu walicheka. Akageuza shingo kushoto, kulia, huku akisimulia. Hakukuwa na kitu. Akainama, hakuna kitu. Akainua uso juu, akiwa amefika pale binti yake alipokimbia, na ndizi ikapita.

Haikuwa mkungu, wala chane. Ilikuwa ndizi moja, kama iliyomenywa nyumba ya tatu. Ilipita ikapotea alipoinamisha uso. Akainua tena, ikapita tena.

Hakuna mtu mwingine aliyejua. Kichaka aliendelea kuongea, mdomo ukijisimulia wenyewe, na moyoni mahesabu yanakwenda mbio. Kidogo tu hiki. Nani anainua uso ghalani? Atainamisha kichwa siku nzima, basi. Ameteseka wiki nzima, amenyoa, ameungua, amechorwa chaki kama kitambaa. Ametimiza kila alichoambiwa. Neno lenyewe ni moja tu, sisikii, na mlango wa ghala unabaki kuwa wake.

Kupitia kioo cha barakoa alimwona shemeji. Amekaa juu ya mfuko wa mchanga, ameshakunja mikono ya ovaroli, anacheka kwa sababu ya mkasi, anamsubiri mtu wake waingie. Kichaka akajiona ameanguka nyuma ya magunia. Akajiuliza nani atakuja kumtoa. Jibu halikuhitaji kufikiriwa. Shemeji asingeita watu kwanza, asingesubiri. Angekuja mbio, amvute, avute na gesi pamoja naye. Na dada yake yuko nyumbani anashona mahameli.

Akanyamaza katikati ya hadithi.

"Nasikia ndizi, Dada."

Kicheko kikakatika. "Una hakika?" Mama Usalama aliuliza, na sauti yake haikupenda kuuliza.

"Nikiinua uso. Ni kidogo, lakini ipo."

"Vua, Kaka."

Akavua. Macho yalimuuma, na safari hii hakukuwa na spiriti ya kusingizia. Mama Usalama akamwambia pole, akasema leo atakaa getini, wataona mambo ya mbele, na Kichaka akaitikia kwa kichwa. Akaanza kuelekea getini. Nyuma yake mtu akapiga makofi kumpongeza mkuu mpya, wengine wakafuatia, makofi ya mashaka mashaka.

Shemeji hakusimama. Alikuwa anautazama mfuko wa mchanga aliokalia kana kwamba umeandikwa.

"Dada," alisema hatimaye. "Hata mimi niliisikia."

Makofi yakaisha.

"Ulisikia nini?"

"Ndizi. Nilipoinama. Niliisikia vizuri tu. Nilisema sisikii. Niliogopa nitawekwa pembeni. Nikadhani ni mimi peke yangu."

Mama Usalama alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakufoka, na afadhali angefoka. Akamwita Kichaka arudi. Akawasimamisha wawili hao mbele yake, akawavalisha tena barakoa zao, na akapitisha kidole kuzunguka mpira, polepole. Kwenye sura nyembamba ya shemeji kidole kilipata nafasi chini ya shavu. Kwenye kidevu cha Kichaka, kile kidevu kidogo kilichomshangaza mkewe, kilipata nafasi chini kabisa.

"Hizi saizi nani alichagua?"

Hakuna aliyejua. Zilinunuliwa zamani, zote saizi moja, kubwa.

"Ndugu zangu, mmekuwa mkivaa viatu vya baba yenu," alisema, akaenda kwenye gari lake, akarudi na boksi.

Barakoa ndogo ilimkaa Kichaka kama imeshonwa na mkewe. Akaingia ndani ya nailoni na kumaliza habari ya binti yake, akasimulia ya mahameli, ya mishale, akaongeza na ya mama mkwe ambayo hakupaswa kuisimulia mbele ya shemeji. Aliinua uso, akaushusha, akauinua. Alikuwa anaitafuta ndizi kwa nguvu zote, na ndizi haikuja. Shemeji naye akapimwa, na bila kuambiwa alirudia kila mwinamo. Kisha Mama Usalama akawapima upya wote waliokwisha kupita, akimkazia macho kila mmoja kabla hajamuuliza, na siku hiyo boksi lile lilirudi garini jepesi zaidi.

Ghala kubwa likapigwa dawa. Kichaka alipita pindo zote, akakandamiza, akarudi, akakandamiza tena, na hakuna aliyemnung'unikia. Alitoka wa mwisho. Akauvuta mlango, akaufunga, akabandika alama ya hatari.

Walikaa kando ya ukuta kusubiri lori la kuwarudisha, wamevua glovu, wengine wakinawa bombani. Shemeji alikuwa hajatania mtu tangu asubuhi.

"Ungenyamaza tu," alisema. "Nani angejua?"

"Ningeanguka mle ndani. Ungekuja kunitoa."

"Ningekuja," shemeji alisema. "Tena mbio."

"Najua."

Shemeji aliutazama ule mlango wa chuma, ghala likiwa limefungwa nyuma yake.

"Na barakoa yangu ilikuwa inavuja," alisema.

Kichaka alimshika mkono, na hakuuachia mpaka lori lilipopiga honi.